Mrejesho: safari ya meli Mediterania na mume wangu

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kujiandaa kwa safari ndefu ya meli ya kitalii na mume wangu mwenye presha, kutoka Barcelona hadi Istanbul na kurudi. Tumerudi salama, ahsanteni sana.

Kubwa lilikuwa visa. Aliyesisitiza tuombe visa ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) ya kuingia zaidi ya mara moja, Mungu ambariki. Meli ikitoka Ugiriki kwenda Uturuki, umeshatoka Schengen. Kurudi Barcelona ni kuingia upya. Mwenye visa ya mara moja anakwama hapo. Bima ya visa ni yenye kinga ya kuanzia yuro 30,000, ila sisi tulichukua inayotaja waziwazi matibabu melini na kusafirishwa kwa dharura. Daktari wa meli analipwa, tena pesa nyingi, kwa hiyo hapa msibane matumizi.

Dawa, tulifanya kama mlivyosema. Mabegi makubwa yanapokelewa bandarini na kuletwa mlangoni pa chumba baadaye. Yetu yalifika jioni. Vidonge vya mzee, ndani ya maboksi yake pamoja na barua ya daktari, vilikuwa kwenye mkoba wangu, akameza vya mchana kwa wakati.

Chumba tulichagua cha katikati, sakafu ya chini. Bahari ilichafuka usiku mmoja, glasi zikagongana mezani, lakini yeye alilala fofofo.

Nguo chache zinatosha, kuna dobi.

Anayehitaji orodha ya nyaraka tulizopeleka kuombea visa aseme, ninayo.