Ekpo Eyo: mchimbaji au profesa wa sanaa?

Neema_Vigae
Wadau, naomba mwanga. Nasoma historia ya sanaa, mwaka wa pili, na nimepewa kuandika juu ya Ekpo Eyo wa Nigeria. Kitabu kimoja kinamwita mwanaakiolojia, kingine profesa wa historia ya sanaa. Mwalimu anataka nichague upande mmoja nianzie hapo. Nichague upi?

Mzee_Jembe
Mdogo wangu, anzia Owo, mji wa Nigeria alikochimba Eyo, mwaka 1971. Nimekaa shimoni na mwiko na brashi miaka kumi na minane, na hakuna mchimbaji ninayemrudia mara nyingi kama huyu.

Tazama ramani. Ife, mji wa kale wa Wayoruba, iko magharibi, na vile vichwa vyake vya sanamu vilivyotulia mpaka unahisi vinapumua. Benin, ule ufalme wa kale wa Nigeria, si nchi ya Benin ya leo, iko upande wa kusini, na sanamu zake za shaba. Masimulizi ya Benin yenyewe yanasema ufundi wa kusubu ulitoka Ife. Owo iko katikati. Eyo akachimba mahali paitwapo Igbo'Laja, akatoa sanamu za udongo wa kuchoma za karne ya 15 hivi. Nyuso ni za Ife kabisa. Halafu kuna chui anayetafuna mguu wa mtu! Ukali huo huuoni Ife, unakuelekeza Benin.

Sasa fikiri chui yule angefukuliwa usiku na mlanguzi. Tungemsifia uzuri basi, bila kujua alitoka tabaka gani la udongo wala alilala na nini. Kwa Eyo, hoja ya mwanahistoria wa sanaa ilitoka kwenye udongo wenyewe. Kwa hiyo usichague. Mwambie mwalimu wako hivyo, kwa adabu.

Bi_Ghala
Mzee Jembe kasema kweli, ila amemwacha shimoni tu. Mimi ni mtunza ghala la makumbusho, kwa hiyo namtazama kutoka upande wa rafu.

Neema mwanangu, huyu alizaliwa Creek Town, karibu na Calabar, 1931. Mwaka 1968 alishika idara ya mambo ya kale ya Nigeria, Mnigeria wa kwanza kuiongoza. Vita vya Biafra vilikuwa vinaendelea. Walipokuwa wakiandaa makumbusho ya Benin City, yeye na wenzake waliomba nchi zenye vitu vilivyobebwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 zirudishe japo vichache. Hawakupata jibu. Makumbusho yakafunguliwa na picha na nakala. Ninapobandika kibandiko cha "nakala" kwenye kabati, namkumbuka, na roho inaniuma.

Mwaka 1980 akapeleka hazina za Nigeria Detroit, kuanzia sanamu za kale za udongo za Nok hadi Benin, miaka elfu mbili ya sanaa. Zikazunguka Marekani, baadaye zikafika London.

Neema_Vigae
Asanteni sana. Shikamoo Bi Ghala. Lakini baada ya 1986 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Maryland. Je, hapo aliacha kuchimba?

Mzee_Jembe
Hata kidogo. Alirudi kwao, nyanda za mto Cross. Huko Ikom kuna mawe yanayoitwa akwanshi, mia tatu hivi, yamechongwa uso, kitovu na mistari. Mengi yako kwenye duara vijijini, na wenyeji huyapaka rangi kwenye sikukuu zao. Yaliyong'olewa na kuuzwa, hakuna ajuaye tena yalisimama duara gani. Hayo aliyashughulikia uzeeni.

Calabar nako, yeye na mwanafunzi wake walichimba vyungu na sanamu za udongo za kuanzia milenia ya kwanza baada ya Kristo, zenye nakshi za duara na misalaba. Nakshi hizo zinafanana na alama za nsibidi, mfumo wa kale wa maandishi ya alama wa eneo hilo. Wewe msomi wa sanaa, hapo pana kazi yako: chukua picha za vyungu vile, weka kando ya alama za nsibidi, linganisha moja moja.

Alifariki 2011. Ukipata ramani yoyote ya Igbo'Laja inayoonyesha kila kipande kilipolala, nitumie. Naitafuta.