Dalali alikalia ofa yangu, mwenye nyumba hakuwahi hata kuisikia

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimetoka kuongea na mwenye nyumba niliyokuwa nahangaika kuinunua, nikagundua kwamba ofa niliyoiandika, nikaitia sahihi na kumkabidhi dalali mkononi, haikumfikia kabisa. Mzee wa watu aliambiwa nimekosa pesa nikajitoa. Nyumba ameshamuuzia mtu mwingine aliyeletwa na dalali huyohuyo, kwa bei ya chini kuliko niliyoandika mimi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, kwa sababu najua humu kuna watu wako katikati ya mchezo huuhuu sasa hivi na hawajui.

Tangazo lilikuwa na bei. Nilipopiga simu nikaambiwa hiyo ni bei ya kuanzia mazungumzo tu. Sawa, nikaenda kuiona. Alinitembeza mbiombio, chumba kimoja akasema hana ufunguo wake, na nilipoinua macho kuangalia madoa ya maji kwenye dari akaanza kunisimulia jinsi majirani walivyo watulivu. Nikamwuliza paa lilivuja lini na nani alilitengeneza. Jibu: "Dada yangu, hayo madogo, rangi tu inamaliza."

Rangi haimalizi kitu hapo. Maji mpaka yameonekana darini yameshapita kwenye mbao za juu, na mbao zikikaa na unyevu muda mrefu zinaoza. Huwezi kujua ni bati moja limetoboka au ni kenchi nzima (fremu ya mbao inayobeba paa) inayotakiwa kubadilishwa mpaka fundi apande akaangalie. Nikaomba nije na fundi wangu, kwa gharama yangu. Akasema mwenye nyumba hataki watu wa kupandapanda darini kwake. Leo nimemwuliza mzee. Hajawahi kusema hivyo, na hakujua kama kuna mtu aliomba.

Kwenye hati ndiyo kabisa. Nikaomba nakala. "Iko kwa wakili." Wakili gani, nimpigie? "Utampata ukishalipa arabuni." Yaani nitoe pesa kwanza, halafu ndiyo nijue nanunua kwa nani! Bila namba ya hati au ya kiwanja huwezi kufanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa ardhi. Na upekuzi ndio unaokuambia jina lililosajiliwa ni la nani, kama benki imeshika nyumba kwa rehani, kama kuna zuio limewekwa na mtu mwenye kesi, kama wamiliki ni wawili na mmoja wao hajui kwamba nyumba inauzwa. Hayo yote ni ya kujua kabla hujatoa chochote. Dalali anayeficha hati mpaka alipwe anakunyima kitu pekee kinachoweza kukufanya usitishe.

Na hiyo arabuni aliitaka kwenye akaunti yake mwenyewe. Si ya wakili, si ya mwenye nyumba. Nikamwambia nitalipa kwa wakili atakayeishika kwa niaba ya pande zote mbili, kwa maandishi yanayosema pesa inarudi endapo hati itakutwa na tatizo. Kuanzia siku ile akabadilika. Simu hapokei, meseji anasoma hajibu, na akijibu ni kwamba mimi "sina nia ya kununua, nasumbua watu".

Halafu akatokea mnunuzi mwingine. Kila nikiuliza swali, mnunuzi mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Nikiomba siku ya kuja na fundi, mnunuzi mwingine anasaini jioni. Jioni inapita, nyumba bado ipo, na swali langu bado halijajibiwa.

Ndipo nikaamua kuandika ofa rasmi. Bei ileile ya kwenye tangazo, bila kupunguza hata kidogo. Masharti mawili tu: upekuzi wa hati uwe safi, na fundi akague paa. Nikaonyesha pia pesa inatoka wapi, ili mwenye nyumba asiwe na wasiwasi. Dalali akapokea, akasema atampelekea mzee. Kilichofuata ni kimya, kisha meseji moja: mwenye nyumba hataki ofa zenye masharti, kama naitaka niongeze bei na niondoe masharti.

Mwenye nyumba ambaye hakuwa ameona karatasi yoyote!

Namba ya mzee nilipewa na jirani wa nyumba ile baada ya kusikia imeuzwa. Nilimpigia nikitaka tu kuelewa nilikosea wapi machoni pake. Nikamwamkia, nikajitambulisha, akaniuliza, "Wewe ndiye yule uliyekosa pesa, mwanangu?" Nikamsomea ofa yangu neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema angeipokea siku ileile, na fundi angemfungulia mlango mwenyewe. Tukaendelea kuongea ikajulikana kwamba huyo mnunuzi aliyeletwa amemlipa dalali pesa yake pembeni, mbali na kamisheni aliyotoa mzee. Yule mnunuzi alilisema mwenyewe mbele ya mzee siku ya kusaini, akidhani ni utaratibu wa kawaida.

Kwa hiyo dalali kala pande mbili, mzee kapunjwa, mimi nimefungiwa mlango.

Sasa kuna watu watakuja hapa kusema "ndiyo biashara ilivyo" au "dalali ni wa muuzaji, ulitegemea akutetee wewe?" Sikutegemea anitetee. Najua anamwakilisha muuzaji na analipwa naye. Hasira yangu ndipo ilipo: hata huyo muuzaji hakumwakilisha. Kanuni ya uwakala ni kwamba ukikubali kumfanyia mtu kazi, taarifa zinazogusa maslahi yake ni zake, unampelekea zote, na hupokei malipo ya siri kutoka upande wa pili. Ofa iliyoandikwa haikuwa barua yangu ya kumbembeleza dalali, ilikuwa mali ya mzee. Kuikubali au kuikataa ilikuwa haki yake peke yake.

Uingereza waliona ujanja huu miaka mingi iliyopita wakaupiga marufuku kwenye kanuni za mwaka 1991: dalali anatakiwa kumfikishia mteja wake ofa upesi na kwa maandishi, na kudanganya kwamba kuna mnunuzi mwingine kumetajwa kuwa mwenendo usiokubalika. Mambo yote mawili niliyofanyiwa mimi yametajwa mle, maana yake ni ujanja wa zamani na unajulikana. Asiniambie mtu kwamba nimekuwa mwepesi wa kulalamika.

Na msidhani kamisheni ya asilimia inamfanya dalali apiganie bei ya juu. Pigeni hesabu. Kamisheni ikiwa 3%, mwenye nyumba akiongezewa 100 kwenye bei, dalali anapata 3. Kwa hiyo 3 hasumbuki kusubiri fundi, wakili na upekuzi. Anataka ofa ya haraka, na mnunuzi akimwekea chake pembeni ndiyo imekwisha. Watafiti wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 eneo la Chicago. Waliwalinganisha mawakala wanapouza nyumba zao wenyewe na wanapouza za wateja. Nyumba zao zilikaa sokoni siku 9 na nusu zaidi na ziliuzwa kwa bei ya juu kwa takriban 3.7%. Yaani wakala akiuza yake anakuwa na subira, akiuza yako anakuharakisha usaini. Na hao ni mawakala wa kawaida wasioiba kitu. Huyu wangu kaenda mbali zaidi, kaificha ofa yenyewe.

Kinachoniuma kuliko kuikosa nyumba ni yule mzee. Anauza nyumba aliyojenga kwa miaka, anamwamini mtu aliyempa ufunguo, na mtu huyo anamwambia uongo kuhusu pesa yake mwenyewe. Kaniuliza kama anaweza kuuvunja mkataba. Nimemwambia aende kwa wakili wake kabla umiliki haujahamishwa, achukue nakala ya kila alichosaini, na asimtumie dalali ujumbe wowote wa kumtisha.

Ninyi mnaotafuta nyumba sasa, ofa yako iwe na nafasi ya sahihi ya mwenye nyumba ya kukiri kuipokea, na dalali akikataa kuirudisha ikiwa imesainiwa, tafuta njia ya kumfikia mwenye nyumba au wakili wake siku hiyohiyo. Kama dalali anasema mwenye nyumba kakataa, taka kukataa huko kwa maandishi. Nimeona dalali waaminifu wanaofanya hivyo bila kuombwa, na wanaudhiwa na watu kama huyu kuliko hata sisi wanunuzi.

Jina lake silitaji hapa maana nataka jambo hili lifike mahali linapoweza kuamuliwa. Meseji zake zote ninazo, nakala ya ofa yenye tarehe ninayo, na mzee amekubali kuandika maelezo yake na kuyasaini. Swali langu kwa waliowahi kumshtaki dalali wakafika mwisho: mlianzia wapi, kwenye chombo kinachowasimamia au moja kwa moja mahakamani? Meseji za simu zilipokelewa kama ushahidi? Na aliyedai alikuwa mnunuzi, au ilibidi mwenye nyumba ndiye adai? Mwenye uzoefu aandike hapa hapa, mzee naye nitamsomea.