Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba kwa Mungu wewe ni mtoto na si kibarua?

Mwanzisha Mada:
Jumapili mchungaji kahubiri Luka 15, ila mwana mpotevu kampitia haraka haraka, akaenda kukaa kwa yule kaka mkubwa. Jamaa anatoka shambani, amri ya baba hajawahi kuvunja hata moja, na bado anaongea na mzee wake kama mtu anayedai malimbikizo ya mshahara. Nikajiona mimi pale jamani. Tangu niokoke naomba kila asubuhi, na ukweli ni kwamba siombi kwa sababu nampenda Mungu, naomba kwa sababu naogopa nisipoomba siku itaharibika. Nyie ilikuwaje? Mahubiri tunayo ya kutosha, leteni yaliyowakuta.

Kobe Mzee:
Hiyo ya kuomba kwa woga umenisema mimi.

Mtu wa Pembeni:
Mimi nilikuwa na daftari. Kila usiku naandika dhambi za siku, nikimaliza wiki bila hasira najiwekea tiki. Shida ikaja kwamba wiki nikiwa na tiki nyingi nilikuwa siwezi kuvumilia mtu yeyote, mke wangu akichelewa ibada namwangalia kama mpagani. Nikaja kusoma Luka 18 yule Farisayo anayefunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote, nikagundua jamaa alikuwa na daftari kama langu, tofauti yeye alilisomea hekaluni.

Shoka:
Haya yameanza. Mwishowe mtatuambia dhambi haina shida, neema ipo. Warumi 6 iko wazi, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Hasha! Watu wanatafuta leseni tu.

Mtu wa Pembeni:
Shoka, nani kasema hivyo hapa? Halafu jiulize kwa nini Paulo alilazimika kujibu hilo swali. Kama angekuwa anahubiri sheria asingeulizwa.

Shoka:
Na Yakobo je? Imani pasipo matendo imekufa. Au naye mmemfuta kama Luther wenu aliyeuita waraka wa majani makavu?

Kanzu Nyeupe:
Mimi Mkatoliki, nacheka tu. Huu ugomvi wenu Wakatoliki na Walutheri walishatia saini tamko la pamoja pale Augsburg, 31 Oktoba 1999, na Wamethodisti wakaliunga mkono 2006. Wakakubaliana tunapokelewa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yetu, na matendo mema yanafuata kama matunda. Nyie bado mnarushiana mistari.

Shoka:
Tamko halijaondoa tofauti zote, usidanganye watu.

Kanzu Nyeupe:
Sijasema zote. Soma taratibu.

Binti wa Mzee wa Kanisa:
Huwa nasoma tu hapa siandiki, ila leo mmenigusa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na sheria, urefu wa sketi, hereni hapana, nyimbo zisizo za dini hapana, kucheka sana Jumapili hapana. Mimi niliimba kwaya tangu mdogo na nilijua kabisa kwamba mimi ni "binti wa mzee", hilo ndilo lilikuwa jina langu mbele za watu na mbele za Mungu pia, au nilidhani hivyo. Nikapata mimba kabla ya ndoa. Barua ya kunitenga kanisani alisoma baba mwenyewe, kwenye matangazo, kati ya ratiba ya usafi na mchango wa viti. Majina yangu aliyataja yote matatu kama vile hanijui. Nikahamia benchi la nyuma, meza ya Bwana nikawa naangalia watu wanavyopita. Na mwanamume aliyenipa ile mimba alikuwa mpiga kinanda wetu, Jumapili hiyo hiyo alikuwa anapiga, na akaendelea kupiga.

Baba hakuongea na mimi mpaka mtoto anatembea. Sasa sikilizeni. Alipougua ugonjwa uliomwondoa, usiku mmoja niko naye peke yangu akaniuliza, "Mwanangu, unadhani Mungu atanipokea?" Baba yangu! Mtu ambaye sikumbuki kama aliwahi kukosa ibada. Alikuwa anatetemeka. Nikajikuta namsomea mtoza ushuru, yule aliyejipiga kifua akasema Ee Mungu uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Akasema rudia. Nikarudia mpaka akalala. Mimi wa benchi la nyuma ndiye nilikuwa na amani, yeye hakuwa nayo.

Kobe Mzee:
Nimeshindwa kuendelea na kazi hapa.

Nyota ya Jioni:
Pole dada. Alikuomba msamaha?

Binti wa Mzee wa Kanisa:
Hapana. Ila mkono wangu hakuuachia.

Mama Wawili:
Mimi bado niko kwa mpiga kinanda. Yuko wapi huyo??

Shoka:
Pole dada, kwa dhati. Lakini mzee alitimiza wajibu, 1 Wakorintho 5 inataka kanisa lishughulikie dhambi.

Mama Wawili:
Mbona haikumshughulikia wa kinanda?

Mtu wa Pembeni:
Na barua ya pili sura ya 2 Paulo anasema msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Hiyo nayo ilisomwa kwenye matangazo?

Binti wa Mzee wa Kanisa:
Mama Wawili, siku hizi ana kanisa lake.

Mama Wawili:
Ndo maana sitaki tena dini za watu. Dada hama hapo.

Nyota ya Jioni:
Asihame, akae benchi la mbele kabisa wamzoee 😂

Kanzu Nyeupe:
Usifuate ushauri wa humu, tafuta mtu mzima mwenye hekima mkae muongee, kidonda hicho hakijapona.

Kijana Mpya:
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mimi naongoza sifa na bado navuta sigara kwa siri, najitahidi kuacha. Niache kuongoza kwanza au niendelee?

Shoka:
Acha kuongoza.

Mtu wa Pembeni:
Mwambie mchungaji wako, sigara unaweza kuacha ukiwa na watu, huo usiri ndio utakumaliza.

Kobe Mzee:
Acha sigara, endelea kuongoza, mbona rahisi 😂 Mimi yangu pombe, nitarudi kuandika nikitulia.