Wakuu, nguo za mazoezi zisizoumiza mazingira wala mshonaji nazitambuaje?

MkimbiaAlfajiri
Habari za saa hizi wanajukwaa. Nina taiti mbili za kukimbilia. Moja imekwisha mapajani, nyingine juzi imepasuka nyuma nikiwa nimechuchumaa (bahati nzuri fulana ilikuwa ndefu). Nataka kununua mpya, ila safari hii nataka iliyotengenezwa bila kuchafua mazingira na bila kumnyonya aliyeishona. Tatizo, kila duka la mtandaoni ninalofungua limejaa picha za majani. Hii imetokana na chupa za plastiki, ile ni ya mianzi, nyingine pamba ya kilimo hai. Halafu mimi natoka jasho balaa. Nianze kuangalia nini?

FundiSindano
Dada, achana na majani. Geuza nguo, soma kile kilebo cha ndani chenye asilimia za nyuzi.

Poliesta na nailoni zote asili yake ni petroli. Poliesta ni plastiki ileile ya chupa za maji. Iliyotokana na chupa zilizotumika inapunguza uchimbaji wa mafuta mapya, sikatai. Lakini chupa ingeweza kurudi kuwa chupa. Ikishageuzwa taiti na kuchanganywa na spandeksi (nyuzi zinazovutika kama mpira), hapo kuirejeleza tena ni shughuli pevu, maana nyuzi hizo hazitenganishwi kirahisi. Na usidanganyike ukatafuta taiti isiyo na spandeksi kabisa, itakushukia magotini. Tafuta yenye kiasi kidogo.

Mianzi ndiyo inayoniudhi zaidi. Mmea hauna kosa, ila ili gogo gumu vile liwe kitambaa laini, mara nyingi huyeyushwa kwa njia ya viskosi, inayotumia kaboni disalfaidi. Hiyo ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wa kiwandani. Lyocell nayo hutokana na miti, lakini kiyeyusho chake hukusanywa na kutumika tena karibu chote. Ukiambiwa "mianzi", uliza imepita njia gani.

JashoJingi
Mkuu, kwa mtu wa jasho kama sisi, pamba ni ya kunyoosha viungo tu. Mimi nilikimbia nayo kilomita 10, fulana ikawa nzito kama tambara la deki na ikanichubua kifua. Poliesta inakauka upesi, ila harufu yake ya kikwapa haitoki hata uifue mara tatu. Sasa hivi navaa sufu ya merino, siku mbili tatu bila kufua na hainuki. Mke wangu ni shahidi.

Msumeno
@JashoJingi na kondoo je? Kuna wafugaji wanaowakata ngozi ya makalio wakiwa hai ili wasishambuliwe na funza wa nzi. Kama ni merino, anunue ile ambayo muuzaji anathibitisha kuwa kondoo wake hawakukatwa.

Halafu mnazungumzia nyuzi tu, nusu ya swali lake mmeiruka. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013, walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vilivyoshonea kampuni za Ulaya na Marekani. Kitambaa kinaweza kuwa safi na mshonaji akawa hoi. Nembo ya OEKO-TEX Standard 100, kwa mfano, hupima kemikali zenye madhara ndani ya nguo. Haikuambii lolote kuhusu mshahara. Nembo ya GOTS, ya nguo za kilimo hai, ina uzito zaidi: nyuzi za kilimo hai zisipungue asilimia 70, na mazingira ya kazi nayo hukaguliwa. Kwa vilivyorejelezwa kuna GRS, ambayo nembo yake haibandikwi kwenye nguo yenye chini ya asilimia 50 ya malighafi iliyorejelezwa.

Hata hivyo nembo pekee mimi hainitoshi. Iandikie kampuni: viwanda vyenu viko wapi, na mshonaji analipwa mshahara wa kumtosha kuishi, au kima cha chini tu? Nike walianza kuchapisha orodha ya viwanda vyao mwaka 2005, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hiyo ni siri ya biashara.

PovuChache
Msisahau kufua. Ripoti ya 2017 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilikadiria kuwa asilimia 35 hivi ya chembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni chembe hutokana na kufua nguo za nyuzi za viwandani. Iliyotokana na chupa inamwaga chembe vilevile. Fua kwa maji baridi, mashine ijae, na usitie dawa ya kulainisha nguo. Inaziba uwezo wa kitambaa kunyonya jasho.

FundiSindano
Nimekumbuka kitu. @MkimbiaAlfajiri, iliyopasuka nyuma ni kitambaa kimechanika au ni mshono umeachia? Kama ni mshono, mpelekee fundi apige zigizaga kwa uzi unaovutika.

MkimbiaAlfajiri
Nimekagua, ni mshono! Kesho inakwenda kwa fundi, kwa hiyo ninayonunua ni moja tu. Nimepata ya nailoni iliyorejelezwa, ina GRS. Nikawaandikia wenyewe kuuliza viwanda na mishahara kama alivyosema Msumeno. Wamejibu ndani ya dakika tano: kuponi ya punguzo la asilimia 15.

Msumeno
Waandikie tena.