Katuni za sayansi kwa mtoto wa miaka 8

Swali: Ndugu wanajukwaa, binti yangu hupenda katuni, lakini somo la sayansi humchosha. Je, kuna kipindi cha Kiswahili kitakachomvutia?

Jibu: Jaribu Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, ambacho wahusika wake hukabili tatizo, hulitatua kwa hesabu au sayansi, kisha huimba walichojifunza. Wangu huimba hata bafuni.

Jibu: Akili and Me, cha watengenezaji haohao, huwalenga wa miaka 3 hadi 6, kwake kitakuwa chepesi mno.

Jibu: Usimwache na runinga tu. Runinga ikizimwa, mpe kijiko na glasi ya maji, aone kijiko kinavyoonekana kimepinda, kwa sababu mwanga hubadili mwelekeo unapotoka majini kuingia hewani.