Mrejesho: yule mtoto wangu wa kulia kila jioni

Dada zangu wa Kisumu, niliwauliza kuhusu mwanangu anayelia kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, nami sina nguvu hata ya kuoga. Asanteni sana.

Nilimpeleka kliniki siku ya chanjo ya wiki 6. Nesi alimpima uzito na joto, akambonyeza tumbo, akaniangalia nikinyonyesha. Mtoto mzima kabisa. Akanieleza kwamba kilio hiki huzidi karibu na wiki 6, kisha hupungua kufikia miezi 3 au 4. Ile dawa ya chango majirani waliyosisitiza akaikataa: maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Kisha akauliza, "Na wewe mama, unalala?" Nikalia pale pale. Wageni wote huuliza mtoto tu! Akanihoji kwa upole, akaniandikia nionane na mshauri.

Sasa mama mkwe amekuja kutoka Siaya. Jioni anambeba, mimi nalala. Nikiwa peke yangu na kilio kimenizidi, namlaza chali kitandani pake, nasimama nje dakika chache. Kumtikisa mtoto ni hatari, jamani. Bado analia, ila nimeanza kula vizuri. Kwa mshauri narudi wiki ijayo.