Kibali cha masomo Kanada: hela ya zabibu na kikoba naielezaje?

Binti_wa_Mpunguzi

Mbukwenyi wadau, wakubwa shikamooni.

Nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo Saskatoon, Kanada, naanza Septemba. Naishi Kisasa hapa Dodoma na nafanya kazi ya mkataba kwenye mradi wa mashamba ya umwagiliaji. Msimamizi wangu wa huko ameandika barua kwamba atanilipa posho, ila posho yenyewe haifikii kiwango. Anayekwenda peke yake anatakiwa aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kujikimu mwaka wa kwanza, mbali na ada na nauli. Kwa hela yetu inakaribia milioni 40. Nikijumlisha posho na akiba yangu, kuna pengo ambalo familia imekubali kuliziba.

Tatizo ni jinsi hela ya kwetu inavyokaa. Mfadhili mkuu ni baba mkubwa. Ana shamba la zabibu Mpunguzi, na akaunti yake inajaa wakati wa mavuno kisha inanyamaza miezi. Mama anauza alizeti na mahindi Kibaigwa, hela yake karibu yote inapita kwenye simu. Mama mdogo atanipa mgao wake wa kikoba. Hakuna mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Sasa kuna wakala hapa mjini ananiambia nisihangaike. Yeye ataniwekea milioni 40 kwenye akaunti, zikae wiki tatu, nichukue taarifa ya benki, halafu anazitoa na mimi namlipa milioni 2. Anadai kila mtu anafanya hivyo na kwamba hela ya mkulima haiaminiki. Hilo la mwisho limeniuma, maana baba mkubwa amenisomesha tangu sekondari kwa zabibu hizo hizo.

Naomba aliyepitia anisaidie. Hela ya namna hii inapangwaje mpaka mtu aliye mbali aielewe?

---

Mrangi_Halisi

Hongera dada. Ushauri wangu ni mfupi: familia nzima wakusanye, waingize zote kwenye akaunti yako mapema. Afisa anataka kuona kiasi kimetimia, hana muda wa kusoma habari za mama mdogo. Wakala muache.

---

Ticha_Nkuhungu

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nilisoma Winnipeg, nikarudi, sasa nafundisha hapa hapa Dodoma, na vijana wanaoomba Kanada huwa nawasaidia kupanga makaratasi bila malipo. Nitaandika kirefu kwa sababu swali lako ndilo linalowakwamisha watoto wa wakulima, na wengi wanakwama wakiwa na hela halali kabisa.

Huyo wakala achana naye leo. Kuonyesha hela ambayo si yako ni udanganyifu kwa sheria ya uhamiaji ya Kanada, na adhabu yake ni kufungiwa miaka 5. Baada ya hapo, fomu za visa za nchi nyingine nazo zinakuuliza kama umewahi kunyimwa, na utalazimika kujibu ndiyo. Na hata hesabu yake haikai sawa. Kanada wanaomba taarifa za benki za miezi 4. Mtu wa mkataba akionekana na salio la laki kadhaa miezi mitatu, kisha milioni 40 zinatua siku moja, afisa atasimama hapo hapo. Jambo jingine: anayelipwa kukuwakilisha kwenye maombi haya lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya Kanada. Muulize namba yake ya leseni, uitafute mwenyewe kwenye orodha yao iliyo wazi mtandaoni.

Mrangi_Halisi, hapo kwenye kukusanya zote sehemu moja sikubaliani nawe. Ukishazimwaga zote kwenye akaunti ya binti, asili yake inapotea, na faili lake litafanana na la mteja wa wakala. Kila mfadhili abaki na hela yake kwenye akaunti yenye jina lake, aandike barua, aambatanishe ushahidi wake. Inayobidi kuhama, kwa mfano ya kulipia ada, ihame kwa njia ya benki, akaunti kwa akaunti, ili ionekane imetoka wapi.

Sasa zabibu. Sisi tunajua kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Afisa hajui. Asipoambiwa, anachokiona ni akaunti iliyolala, ghafla milioni 9 mwezi Machi, kisha kimya tena. Kwake hiyo ni hela ya kuazima. Kwa hiyo usiishie kwenye miezi 4 wanayoitaja, mwombe baba mkubwa atoe taarifa ya miezi 12 ili mavuno yote mawili yaonekane, na kwenye barua yake aeleze msimu kwa sentensi mbili tatu.

Kuna kijana nilimsaidia, baba yake anauza zabibu kiwandani. Tulichukua taarifa ya benki, kila ingizo kubwa tukaliandikia namba kwa kalamu pembeni. Halafu tukatafuta stakabadhi ya mizani ya mzigo huo, nayo ikapewa namba ile ile. Ukifungua stakabadhi namba 3 unakuta kilo, bei ya kilo na jumla, ukirudi benki kwenye ingizo namba 3 unakuta jumla hiyo hiyo, hadi shilingi ya mwisho. Mzee alikuwa anazihifadhi stakabadhi zake kwenye bati la biskuti, nyingine wino umeshaanza kufifia, tukazipiga picha mchana kweupe nje ili zisomeke. Kuna mauzo aliyouzia wachuuzi kwa taslimu bila karatasi yoyote. Hayo tuliandika wazi: mauzo ya taslimu, hayana stakabadhi. Hatukutengeneza karatasi, na wewe usikubali mtu akutengenezee. Kibali alipata.

Shamba lenyewe liambatanishe pia, hati ya kimila kama anayo, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji. Ila elewa kazi yake: shamba halihesabiki kwenye zile 22,895, linaonyesha tu hela inatoka wapi na kwamba mwakani itakuwepo tena.

Kwa mama ni rahisi kuliko unavyodhani. Kampuni ya simu inatoa taarifa ya miamala ya miezi mingi, aende ofisini kwao igongwe muhuri. Aongeze leseni ya biashara, TIN na risiti za ushuru wa mazao.

Kikoba ndicho kigumu, kwa sababu ushahidi uko kwenye daftari. Kama kikundi kimesajiliwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, chukua nakala ya cheti, ukurasa wa hisa za mama mdogo, na barua ya mwenyekiti na katibu inayotaja tarehe ya mgao na kiasi. Mgao ukitoka aupeleke benki siku hiyo hiyo, kiasi kizima, asiutoe nusu ya matumizi njiani, ili barua na benki viseme kitu kimoja.

Juu ya faili lote weka ukurasa mmoja wa hesabu: ada, kujikimu, nauli upande mmoja, upande wa pili nani anatoa ngapi na ushahidi wake uko ukurasa gani. Afisa akisoma huo tu awe ameshakuelewa.

Barua yako ya maelezo usiijaze sifa za Kanada, kila mtu anaandika kwamba elimu ya kule ni bora. Andika udongo. Dodoma tunapata mvua kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, Saskatoon wanapata kama 350, na kule wamehangaika na chumvi ya mashambani miaka mingi. Wewe unafanya kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji, chumvi unaijua kwa macho. Eleza utakachojifunza na kazi utakayoirudia hapa, maana kisheria afisa lazima aridhike kwamba muda wako ukiisha utaondoka.

Kuhusu PAL, ile barua ya uthibitisho inayotolewa na jimbo la Kanada unakokwenda kusoma, wengi watakuchanganya. Tangu Januari 1, 2026 wanaokwenda uzamili au uzamivu kwenye vyuo vya umma hawaihitaji. Wa shahada ya kwanza bado wanaihitaji.

---

Wakili_Area_C

Naongeza upande wa karatasi. Linganisha majina yako kwenye cheti cha RITA, vyeti vya NECTA, NIDA na pasipoti, herufi kwa herufi. Kama sehemu moja umeandikwa majina mawili na kwingine matatu, apa kiapo kwa wakili sasa. Undugu wako na baba mkubwa nao uthibitishwe. Wazee wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, kiapo chake pamoja na barua ya mtendaji vitasaidia.

Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe Kiingereza, na nakala ya Kiswahili iambatanishwe. Usitafsiri mwenyewe wala usimpe ndugu, tafsiri ya mwombaji na familia yake hawaipokei. Angalia pia pasipoti inaisha lini, kwa sababu kibali hakiwezi kuvuka tarehe ya pasipoti.

---

Binti_wa_Mpunguzi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia baba mkubwa, stakabadhi anazo za misimu mitatu, anasema alikuwa anaziweka tu bila kujua zitafaa nini. Wakala nimeshamjibu hapana.

Mawili bado. Barua ya baba mkubwa niiandike mimi kwa Kiingereza yeye asaini? Yeye aliishia darasa la saba. Na vipimo vya afya na alama za vidole vinafanyika Dodoma?

---

Ticha_Nkuhungu

Aandike mwenyewe, kwa Kiswahili chake, kwa mkono wake. Aseme shamba lina ukubwa gani, amelilima tangu lini, anauza wapi, amekusomesha vipi na kwa nini anaendelea. Halafu itafsiriwe kama wakili alivyosema. Nimesoma barua za namna hiyo, na mtu aliyelima anaeleza shamba lake kwa uhakika ambao mimi na wewe hatuwezi kuuiga.

Vyote viwili ni Dar es Salaam. Maombi unajaza mtandaoni, unalipa dola 150 za kibali na 85 za alama za vidole na picha, jumla inazidi kidogo laki 4. Ukishalipa wanakutumia barua ya maelekezo, na una siku 30 za kwenda kituo chao cha visa. Vipimo vya afya ni lazima kwa anayeishi Tanzania, na unaweza kupima kabla ya kutuma maombi kwa daktari aliye kwenye orodha ya Kanada; matokeo anayatuma yeye, wewe unapewa karatasi ya kuthibitisha unayoipakia. Piga simu upange vyote viangukie safari moja. Kwa SGR ukitoka asubuhi unawahi.

Na kitu ambacho wengi hawaambiwi: kitakachobandikwa kwenye pasipoti yako ni visa. Kibali chenyewe unachapishiwa na afisa wa mpakani ukitua Kanada. Barua ya idhini, barua ya udahili na ule ukurasa wa hesabu viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Akikukabidhi kibali, kisome pale pale dirishani: jina, tarehe ya mwisho, na kama kimeandikwa kwamba unaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo, ambayo kwa sasa ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Kikiwa na kosa mwambie akirekebishe kabla hujaondoka, maana ukishatoka hapo marekebisho yanaombwa kwa maandishi na yanachukua muda.

Barua ya baba mkubwa ikiwa tayari nitumie ujumbe wa faragha, nitaipitia pamoja na ukurasa wa hesabu.